Maji Matupu

Kila nyumba mtaani kwetu ina mabomba mawili ya Shirika linalotulimisha bangi. Moja hutoa mbolea ya mimea, jingine hutoa uji wetu. Kupika ni marufuku.

Mavuno yakikaribia, Shirika hukata mbolea na kuleta maji matupu. Mume wangu, Mbaruku, hilo humkera kila msimu.

"Majani yanageuka manjano, Mama Tunu. Tunaitesa kwa njaa bure."

"Wacha maji yaoshe mbolea iliyobaki ndani yake," mimi humjibu. "Isipooshwa, itamkwaruza mvutaji koo."

Juzi tuliivuna yote, tukaitundika darini.

Leo asubuhi nimefungua bomba la uji, yakatoka maji. Nikadhani limeharibika, lakini jirani yetu Bi Hidaya akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba kwake ni hivyo hivyo. Kisha kipaza sauti cha Shirika kikatangaza kwa upole: "Vumilieni, ndugu wakazi. Ni maji matupu mpaka mavuno."

Mbaruku akainua macho, akaitazama bangi iliyoning'inia juu yetu.

"Mavuno gani tena?" akauliza.

Binti yetu Tunu alikuwa ameshakinga kikombe, anakunywa. Nikampokonya.