Uzi wa Shavuni

Muuguzi alimwonyesha fundi cherehani uzi mweusi uliopita kwenye ulimi wa mkewe, ncha zake zikiwa zimebandikwa shavuni kwa plasta. "Uvimbe wa mdomoni umetoka salama. Lakini mpaka dawa ya usingizi imwishe, ulimi ukiangukia kooni tunauvuta kwa huu. Wewe usiguse, baba. Niite."

Mkewe alikuwa anakoroma. Mara mkoromo ukakatika. Kifua kilipanda, lakini fundi alipoweka kiganja puani pake hakuhisi pumzi.

"Nesi!"

Muuguzi alikuwa kitanda cha pili, ameshika kichwa cha mgonjwa anayetapika. "Vuta, baba! Taratibu!"

Fundi alibandua plasta, akauzungusha uzi kidoleni, akauvuta kama avutavyo uzi kwenye hariri, akipima kwa ncha ya kidole pale ambapo ukizidi kidogo utachana. Ulimi ukasogea mbele. Pumzi ya moto ikampiga mkononi.

Muuguzi alifika mbio, akamwinua mke wa fundi kidevu. "Sasa achia, baba."

Hakuachia. Mkewe alifumbua jicho moja.

"Unavuta," alisema kwa shida, "kama unashona gunia."

"Nikosoe tena, mama watoto," fundi alimwambia, uzi ungali kidoleni. "Nikosoe mpaka uchoke."