Visu vya Msibani

Siku ya kumzika Hemedi, aliyechomwa kisu kwenye ugomvi wa magenge, vijana wa magenge yote mawili walijaa msibani, wakitazamana kama majogoo. Shangazi yake, Bi Mwanahawa, akainusa maiti ya pili kabla haijaanguka.

“Wanangu, pilau haijipiki!” akafoka. “Vitunguu gunia zima, visu hatuna. Na msijitie utawa hapa, kila mtu atoe chake!”

Visu vikachomoka viunoni, kingine soksini.

“Mtume! Na wewe kimbaombao, panga lote hilo ulilificha wapi?”

Kicheko kikawatoka, wakaketi kumenya, machozi yakiwachuruzika wote. Ila mmoja alikuwa analia na kitunguu chake kizima mkononi. Bi Mwanahawa akavuta kigoda, akaketi ubavuni pake.