Shingo za Mbuni

Punda milia na mbuni walipigana bega kwa bega dhidi ya simba. Punda milia walipoinama kunywa maji, mbuni walisimama ukingoni, shingo juu, wakilinda. Mbuni wengi walifia hapo.

Ukaja uchaguzi wa mkuu wa punda milia. Mgombea mmoja, Kidomo, akapanda kichuguu. "Hawa mbuni wanakula nyasi zetu bure! Nikishinda, warudi kwao!" Umati ukashangilia hadi vumbi likatimka. Mbuni walikuwa palepale zamuni, wakasikia kila neno.

Kidomo akashinda. Akamwendea mama kiongozi wa mbuni.

"Dada, usiyaweke moyoni. Yale yalikuwa ya kampeni tu. Kesho tunakwenda kunywa kama kawaida."

"Mimi nimekuelewa, mheshimiwa. Lakini walinzi wangu, wajane wa waliofia ukingoni, waliondoka siku ileile, wewe ukiwa bado unashangiliwa."

"Sasa nani atatulinda?"

"Waombe waliokushangilia."

Asubuhi punda milia wakasimama ukingoni na kiu yao, kila mmoja akimngoja mwenzake ainame kwanza. Kisha wote wakamgeukia Kidomo.

"Tangulia, mheshimiwa."