Somo Mzito

Mwalimu Tausi alikuwa ameeleza isotopu mara mbili, na macho ya wanafunzi yalimwambia hawajaelewa hata chembe. Nyuma ya darasa alikaa mkaguzi aliyekuja kuamua kama mwalimu huyo atathibitishwa kazini: Bi Tausi, mama mnene asiyecheka ovyo.

"Somo," mwalimu akamwita ghafla, kama watu wa jina moja wanavyoitana. "Naomba upite mbele."

Watoto wakaziba midomo. Bi Tausi akainuka taratibu, akaja kusimama kando ya mwalimu mwembamba kama ufito.

"Sisi wawili tunaitwaje?"

"Tausi!"

"Na tukipanda mizani?"

Watoto wakainamia madaftari. Bi Tausi mwenyewe akaangua kicheko. "Semeni tu! Mzito ni mimi."

"Basi kaboni-12 na kaboni-14 ndivyo zilivyo," akasema mwalimu, kifua mbele. "Jina moja, uzito tofauti."

"Kumbe nazo ni somo!" darasa likalipuka.

Bi Tausi akachukua chaki, akaandika ubaoni: Tausi-14. Akampa mwenzake chaki, naye akaandika: Tausi-12.

Mwalimu wa historia alipoingia, alisimama na dasta mkononi akiyatazama majina hayo, asijue aanze kufuta lipi.