Samaki wa Kwanza

Mwaka mzima wa 1976 pikapu yangu ilibeba mbwa wenye kichaa, walio hai na mizoga, Busia yote. Nikang'oa vizimba vya waya, nikamuuzia gari Wilkista, mchuuzi wa samaki wa Port Victoria. Nilimwambia lilikuwa la kubebea mahindi.

Jumamosi alirudi na sahani.

"Samaki wa kwanza wa gari huliwa na aliyeliuza, ndio kusiwe na kinyongo. Kula, mzee."

Ngege alikaangwa vizuri. Lakini chini ya pezi, ndani ya mafuta, ulilala unyoya wa kahawia, mfupi, mgumu, kama wa mbwa. Nikaisukuma sahani.

"Nimeshiba, mama."

Hakuondoka. "Ama gari lilibeba kitu kingine?"

Nikachukua kipande. Aliniangalia mpaka nikameza.