Mwangalizi wa Shimo la Kakanda

"Kuna mwenye iko na neno juu ya huyu muntu?" Askofu Kitenge aliuliza mara ya kwanza, na macho ya Mchungaji Hénoc yakaenda moja kwa moja kwa Mama Georgette, benchi ya tatu.

Katika kanisa lao pale Likasi, swali hilo huulizwa mara tatu kabla mchungaji hajawekwa kuwa askofu. Mmoja akisimama kumshtaki, ibada inavunjika.

"Askofu ni neno la Bagiriki," Kitenge aliwaeleza waumini. "Likapita kwa Baarabu mpaka likatufikia siye. Maana yake mwangalizi. Muntu wa kuangalia benzake, haiko wa kuvaa pete."

Watu wakacheka. Hénoc alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwangalizi! Kazi hiyo alikwisha kuifanya, na aliiharibu.

Miaka kumi na miwili nyuma, alikuwa mwangalizi wa shimo la wachimbaji kule Kakanda. Alikaa mdomoni mwa shimo akiwazuia watu wasiingie njia ya chini, ambayo ilikuwa na nyufa. Siku moja mtu asiyemfahamu alimjia mbio: mke wako ameshikwa na uchungu! Hénoc akaondoka bila kuacha mtu mahali pake. Nyumbani alimkuta mkewe anatwanga majani ya muhogo ya sombe, mimba ya miezi sita, mzima kabisa. Aliporudi, njia ya chini ilikuwa imemporomokea Samy, mwana wa pekee wa Georgette.

Tangu hapo alimpelekea yule mama unga, akampeleka kwa daktari alipougua, lakini kumtazama usoni hakuthubutu. Mama naye alipokea akiinamisha kichwa. Hénoc alijua ni hasira, na alijua anaistahili.

Kitenge akauliza mara ya pili. Alipouliza mara ya tatu, Georgette akasimama.

Yamekwisha, Hénoc alijiambia, na karibu ashukuru. Akapiga magoti kabla hajaambiwa.

"Sema, mama," Hénoc alimwambia. "Sema yote, batu basikie."

"Simama, Pasta." Machozi yalikuwa yanamtiririka Georgette. "Samy alitakaka kuingia mu ile njia ya chini, kulikuwa mawe ya bei, na weye ulikuwa unamukataza. Ule muntu mwenye alikuyaka kukudanganya asema bibi yako anazala, ni miye nilimutumaka."