Raha ya Mteja

Nilimlaza Winifrida vizuri, mto chini ya magoti, kitenge miguuni, kifeni kikimpepea ili mvuke wa gundi usimchome. Mteja wa kubandikwa kope akikosa raha hutikisika, na akitikisika kazi inaharibika. Hapa Kibondo hakuna aliyenifundisha hayo, nimejifunza mwenyewe.

Jicho la kulia lilikuwa tayari. Akiwa amefumba yote mawili, akaanza kupiga soga.

“Hawa Warundi, dada, wamepewa uraia juzi tu, leo wanataka na vibanda vya sokoni. Mimi Mrundi hanigusi hata ukucha.”

Nikacheka kidogo, kama nilivyocheka shuleni walipotuita wakimbizi, kama mama alivyocheka kisimani aliporudishwa nyuma ya foleni. Miaka yote tunacheka ili wao wakae kwa raha.

Kope moja ilikuwa kwenye kibano changu, nyembamba, nyeusi, imeshachovywa gundi. Nikaiweka kando.

“Usifumbue, dada, gundi mbichi itakuunguza,” nilimwambia taratibu. “Mimi ni Mrundi. Jicho la kushoto bado. Nikuguse, au nikuachie hapo?”